Toleo la marekebisho limetoka: ulisakinishe, uuachie mfumo, au uruke mfululizo?

Namba ya tatu kwenye toleo la lugha ya programu ina upole wa kulaghai. Ukiona 3.13.4 imekuwa 3.13.5, akili inakwambia hapo hakuna cha kukunyima usingizi, na mara nyingi akili haikosei. Lakini 3.13.5 ya Python ilitoka tarehe 11 Juni 2025, siku nane tu baada ya 3.13.4, kwa sababu ile iliyotangulia ilikuja na kasoro yake yenyewe: kujenga viendelezi vya C (vipande vya maktaba vilivyoandikwa kwa lugha ya C) kwenye Windows kuliharibika. Waliowahi ndio walioikuta. Aliyechelewa wiki mbili hakujua hata kama kulikuwa na jambo.

Basi mtu unabaki katikati. Ukiwahi, unawaonjea wenzako. Ukichelewa, mwanya wa usalama ambao umeshatangazwa hadharani unabaki wazi kwako, na sasa kila mwenye nia mbaya anajua pa kupitia.

Njia ninazolinganisha ni tatu. Ya kwanza ni kusakinisha toleo la marekebisho lenyewe kutoka kwa watengenezaji wa lugha. Ya pili ni kuuachia mfumo wa uendeshaji, yaani Debian, Red Hat au mwingine, ukuletee viraka kwa wakati wake. Ya tatu ni kuruka mfululizo mzima, kutoka 3.12 kwenda 3.13 kwa mfano. Ipo na ya nne, kukaa kimya, ambayo wengi wetu tumo ndani yake bila kuichagua. Hiyo sitaipa nafasi yake, ila itajitokeza njiani.

Mifano mingi ni ya Python kwa kuwa ndiyo ninayoshinda nayo. Lugha nyingine nitazigusa baadaye, kwa sababu zipo zinazobadilisha hesabu kabisa.

Vigezo

Napima kila njia kwa mambo matano: kinga inakufikia kwa kasi gani, kuna uwezekano gani programu yako ikabadilika tabia, kazi inayokuangukia wewe, urahisi wa kurudi ulikotoka mambo yakiharibika, na muda utakaokaa hapo kabla ya kulazimika kuhama tena. Kigezo cha pili ndicho watu hukosea zaidi kukipima, kwa hiyo nianze nacho kabla ya kuzigusa njia zenyewe.

Ndani ya toleo la marekebisho kuna nini

Orodha ya mabadiliko ya Python hugawanywa mafungu: usalama, kiini cha lugha, maktaba sanifu, nyaraka, majaribio, ujenzi, Windows, macOS na mengineyo. Toleo 3.13.1 la Desemba 2024 lilibeba mabadiliko yanayokaribia 400. Hakuna anayeyasoma yote. Mimi huanza na fungu la usalama, nahamia maktaba sanifu nikitafuta majina ya moduli (vipande vya maktaba hiyo) ninazozitumia, kisha nafunga ukurasa. Nyaraka na majaribio naruka bila aibu.

Kanuni ni kwamba mfululizo ukishatoka hauongezewi vipya, hurekebishwa tu. Programu iliyokuwa ikizimika ghafla haizimiki tena, hesabu iliyotoa jibu la uongo inatoa la kweli. Kanuni hiyo ina mlango mmoja wa nyuma, nao ni usalama. Mwanya ukiwa mkubwa, tabia ya lugha hubadilishwa hata katikati ya mfululizo, na ni hapo matoleo haya "madogo" yanapouma.

Septemba 2022 zilitoka 3.10.7, 3.9.14, 3.8.14 na 3.7.14 kwa pamoja. Tatizo lilikuwa kugeuza maandishi ya tarakimu kuwa namba nzima. Muda wa kazi hiyo hukua kwa mraba wa idadi ya tarakimu, kwa hiyo mtu angeweza kuipelekea seva namba yenye tarakimu laki kadhaa na kuiacha ikihangaika. Suluhisho likawa kikomo: tarakimu 4300. Ukizidisha, `int()` inakataa na kurusha kosa la ValueError. Huduma nyingi za wavuti hazikuhisi chochote, lakini wanaochapisha namba ndefu, watu wa hisabati hasa, programu zao zilisimama papo hapo. Dawa ilikuja humo humo, `sys.set_int_max_str_digits`, na namba za heksadesimali hazikuguswa kabisa.

Angalau hiyo ilipiga kelele. Iliyoniumiza mimi ilikuwa ya kimya. Februari 2021, matoleo 3.9.2 na 3.8.8 yalibadilisha namna `parse_qs` inavyosoma vigezo vya kiungo cha wavuti: zamani ilikubali `&` na nukta mkato kama vitenganishi, baada ya hapo ikabaki `&` peke yake. Nilikuwa na huduma ndogo iliyopokea maombi kutoka kwenye mfumo wa kale wa mteja, mfumo uliopenda nukta mkato. Kiungo chenye `akaunti=77;mwezi=3` kilikuwa kikinipa vitu viwili. Baada ya kusasisha kikanipa kimoja: akaunti iitwayo `77;mwezi=3`. Akaunti hiyo haikuwepo, kwa hiyo ripoti ikatoka tupu, na ripoti tupu haimshtui mtu. Logi safi, seva inapumua vizuri. Siku nne zilipita kabla mtu hajauliza mbona mwezi huu hakuna kitu. Kurekebisha kulichukua dakika moja, kuongeza `separator=';'`, lakini kuitafuta sababu kulimaliza alasiri nzima, kwa kuwa nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba toleo dogo haliwezi kuwa mshukiwa.

Njia ya kwanza: kusakinisha toleo la marekebisho lenyewe

*Kasi ya kinga.* Hakuna inayoishinda. Python hutoa toleo la marekebisho takriban kila miezi miwili, na huharakisha kukiwa na dharura. Ila hapa kuna tofauti ambayo wengi huigundua wakiwa wameshakwama. Mfululizo hupata marekebisho ya kila aina kwa mwaka mmoja na nusu (kuanzia 3.13 ni miaka miwili), kisha huingia kipindi cha usalama tu hadi utimize miaka mitano tangu ulipotoka. Katika kipindi hicho cha pili unachopewa ni msimbo chanzo bila kisakinishi. Kwa mfululizo wa 3.11, visakinishi vya Windows na macOS viliishia 3.11.9 ya Aprili 2024, kwa 3.12 viliishia 3.12.10 ya Aprili 2025. Mtu wa Windows anayesubiri kisakinishi kipya cha 3.11 anangoja embe chini ya mnazi.

*Kubadilika tabia.* Ni nadra, lakini umeona mifano. Na mara chache sana toleo zima hutolewa likiwa na kasoro: 3.9.3 ya Aprili 2021 ilifanya baadhi ya viendelezi vya C vilivyojengwa kwa 3.9.0 hadi 3.9.2 kuzimika kwenye mashine za biti 32. Ikaondolewa, na 3.9.4 ikatoka siku mbili baadaye.

*Kazi yako.* Ndogo. Vifurushi ulivyosakinisha ndani ya mfululizo huo huo vinaendelea kufanya kazi, hakuna haja ya kuvisakinisha upya. Wenye kontena, yaani wanaofunga programu pamoja na Python yake kwenye picha moja, hubadilisha mstari mmoja tu. Hapo hapo nitoe tahadhari: picha iliyoandikwa `python:3.12` hubeba toleo jipya kila unapoivuta na kuijenga upya, na `python:3.12.8` hubaki ilipo. Wapo waliomo kwenye njia hii kwa miaka bila kujua, kwa sababu tu hawakuandika namba ya tatu. Ukiandika namba kamili, siku ya mabadiliko unaichagua wewe.

*Kurudi nyuma.* Ni kurudisha ile namba ya zamani. Hakuna zaidi.

*Utakaa muda gani.* Hadi mfululizo wako uishe. Python 3.9, kwa mfano, imefikia mwisho Oktoba 2025.

Njia hii inamfaa mwenye majaribio anayoyaamini na njia ya kupeleka mabadiliko kwenye seva bila sherehe. Asiye na majaribio anaweza kuitumia pia, mradi akubali kwamba watumiaji wake ndio wanaomjaribia.

Njia ya pili: kuuachia mfumo wa uendeshaji

*Kasi ya kinga.* Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na Python 3.11.2, na itazeeka ikiwa na 3.11.2. Wadumishaji wake huchukua viraka vya usalama kutoka kwenye matoleo ya baadaye na kuvishonea kwenye lile la zamani. Kinachosogea ni mkia wa namba ya kifurushi, ule unaoanza na `+deb12u`. Mwanya mzito hushughulikiwa haraka. Ule unaoonekana mwepesi unaweza kusubiri, maana kuna mtu anayepima uzito huo kwa niaba yako, na vipimo vyake si lazima viwe vyako.

*Kubadilika tabia.* Ndiyo njia tulivu kuliko zote, na ndiyo sababu ya kuwepo kwake. Utulivu huo una upande wake wa pili: kasoro za kawaida hazirekebishwi. Kama programu yako inaganda kwa sababu ya kasoro ya moduli ya asyncio iliyotibiwa 3.11.5, na kasoro hiyo haina sura ya usalama, kwenye Debian 12 utaendelea kuganda nayo.

*Kazi yako.* Karibu hakuna, ukishawasha masasisho ya usalama ya kiotomatiki. Mambo mawili tu yanahitaji jicho. Moja, kusasisha kifurushi hakubadilishi kilichomo tayari kwenye kumbukumbu. Huduma iliyowashwa mwezi uliopita inaendesha msimbo wa mwezi uliopita hadi uiwashe upya, hata kama diski ina kiraka kipya. Kwenye Debian `needrestart` hukuonyesha zilizobaki nyuma. Pili, wakaguzi. Vipimo vingi vya usalama husoma namba ya toleo tu, vikaona 3.11.2 na kukupa ripoti ndefu yenye rangi nyekundu. Jibu lake ni `apt changelog python3.11`, au `rpm -q --changelog python3` kwa upande wa Red Hat, kisha tafuta namba ya CVE (namba rasmi ya kila mwanya wa usalama uliotangazwa) inayolalamikiwa. Ikiwemo, umeshakingwa, na una maandishi ya kumwonyesha mkaguzi. Isipokuwemo, mkaguzi huenda ana hoja.

*Kurudi nyuma.* Hapa ni pagumu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kifurushi cha juzi mara nyingi hakipo tena kwenye hazina ya kawaida, itabidi ukitafute kwenye hifadhi ya vya zamani.

*Utakaa muda gani.* Mrefu mno, na huenda mrefu kuliko unavyohitaji. RHEL 8, mfumo wa Red Hat, ilikuja na Python 3.6, ambayo watengenezaji wa Python waliiacha Desemba 2021, lakini Red Hat wanaitunza hadi 2029. Lugha itakuwa salama. Maktaba ndizo zitakazokuacha: Django 4.0 ilidai 3.8 na kuendelea, NumPy 1.20 ilidai 3.7. Unabaki na lugha iliyotiwa viraka na maktaba ambazo hakuna anayezitazama tena.

Kwa hiyo njia hii inamfaa mwendesha seva ambaye programu zake hazibadiliki sana, hasa akitumia na maktaba zinazotoka kwenye mfumo huo huo. Anayevuta vifurushi vipya kila wiki kutoka PyPI, hazina ya umma ya vifurushi vya Python, ataanza kusuguana nayo ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Njia ya tatu: kuruka mfululizo

*Kasi ya kinga.* Sawa na ya kwanza, isipokuwa saa inaanza kuhesabu upya: una hadi miaka mitano mbele, ikihesabiwa tangu mfululizo mpya ulipotoka, na visakinishi vimerudi.

*Kubadilika tabia.* Kukubwa, ila hapa hakuna kushtukizwa. Python 3.12 iliondoa `distutils`, `asyncore` na `imp`. Python 3.13 iliondoa moduli 19 kwa mkupuo, zikiwemo `cgi`, `crypt` na `telnetlib`. Hakuna iliyoondoka bila kuaga. Maonyo yalikuwepo miaka kabla. Tatizo ni kwamba Python huyaficha mengi ya maonyo hayo usipoomba kuyaona. Endesha majaribio yako kwa `python -W error::DeprecationWarning` ukiwa bado kwenye mfululizo wa zamani, na nusu ya hofu itageuka kuwa orodha ya kazi.

Mfano mzuri wa tofauti ya njia hii na ya kwanza ni `tarfile`, moduli ya kufungua mafaili ya tar, yaani faili moja lililofungasha mafaili mengi. Faili la tar lenye hila linaweza kuandika nje ya folda uliyolifungulia, mwanya uliojulikana tangu 2007. Walipoamua kuutibu, kwenye matoleo ya marekebisho kama 3.11.4 na 3.10.12 walileta kichujio kama hiari tu, tabia ya kawaida wakaiacha. Kwenye 3.12 wakaongeza onyo. Kwenye 3.14, iliyotoka Oktoba 2025, kichujio cha `data` ndicho kinachotumika usiposema lolote. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na toleo la marekebisho la karibuni kabisa la 3.11, akajiona amekingwa, na bado anafungua mafaili kwa tabia ile ile ya zamani kwa sababu hakuandika `filter='data'`. Mwenye 3.14 analindwa hata akisahau.

*Kazi yako.* Hii hupimwa kwa siku au wiki. Viendelezi vya C hujengwa kwa kila mfululizo, hivyo maktaba nzito zikichelewa kutoa vifurushi vilivyojengwa tayari, unasimama unazisubiri. Ndiyo sababu watu husema usiguse toleo la sifuri, kama 3.13.0. Naikubali nusu: lugha yenyewe kwa kawaida iko imara siku ya kwanza, zinazochelewa ni maktaba zako. Tazama kama zote zina kifurushi cha mfululizo huo; zikiwa nazo, sifuri haitishi hivyo.

*Kurudi nyuma.* Rahisi kabla ya kuanza kutumia vipya. Ukishaandika sintaksia ya mfululizo mpya kwenye mafaili ishirini, daraja umelivunja mwenyewe.

*Unachopata zaidi.* Kuna vitu ambavyo toleo la marekebisho haliwezi kukuletea hata ukingoja miaka. Python 3.11 ilikuwa na kasi ya wastani wa mara 1.25 ya 3.10 kwenye majaribio sanifu ya watengenezaji wake. Kiraka hakileti hiyo.

Inamfaa timu yenye programu hai inayoandikwa kila siku, na yeyote ambaye mfululizo wake unakaribia kufa.

Lugha nyingine hazihesabu hivi

Go huhudumia mifululizo miwili ya karibuni tu, na mpya hutoka kila Februari na Agosti. Njia ya kwanza kwao ina umri wa takriban mwaka, kisha ruka utake usitake. Lakini kuruka kwao ni kwepesi zaidi, maana baadhi ya tabia mpya hufungwa kwenye mstari wa `go` ndani ya `go.mod`, faili la maelezo ya mradi wako. Badiliko la kigezo cha kitanzi lililokuja na 1.22, kwa mfano, haligusi moduli inayotangaza toleo la chini ya hapo. Rust ina mfululizo mmoja tu unaohudumiwa, ule wa karibuni, na mpya huja kila wiki sita. Java wana ratiba: viraka vya usalama Januari, Aprili, Julai na Oktoba, unaweza kuiandika kwenye kalenda mapema.

PHP ina miaka miwili ya marekebisho na miwili ya usalama, na historia yake ndiyo inayoonyesha vizuri ile njia ya nne, ya kukaa kimya. Juni 2024 ilitangazwa CVE-2024-4577, mwanya wa PHP-CGI kwenye Windows uliomruhusu mtu wa nje kuendesha amri kwenye seva. Tiba ilitoka kwa 8.3.8, 8.2.20 na 8.1.29. Waliokuwa kwenye 8.0 au 7.4 watengenezaji hawakuwapa kitu, kwa sababu mifululizo hiyo ilikuwa imeshazikwa.

Kwa hali yako

Una seva moja au mbili, uko peke yako, na majaribio ni "nimefungua ukurasa nikaona unafanya kazi": uuachie mfumo. Washa masasisho ya kiotomatiki na uweke siku ya kuwasha huduma upya.

Una kontena na majaribio yanayojiendesha: chukua matoleo ya marekebisho, andika namba kamili, subiri siku chache baada ya kutoka. Siku hizo chache zingetosha kukuepusha na 3.9.3 na, karibu kabisa, na 3.13.4.

Huduma yako inapokea mafaili au viungo kutoka kwa watu usiowajua, na fungu la usalama limetaja moduli unayotumia kuvisoma: usisubiri siku chache. Siku ile ile, na usome maelezo ya badiliko lenyewe kwa utulivu, kwa sababu marekebisho ya usalama ndiyo yanayobadilisha tabia.

Unafukuzia kasoro moja unayoijua: itafute kwa namba yake kwenye orodha ya mabadiliko. Ikiwa imetibiwa kwenye mfululizo wako, njia ya kwanza. Ikiwa imetibiwa kwenye mpya pekee, njia ya tatu, au uizunguke kwenye msimbo wako.

Uko Windows na 3.11 au 3.12, na huna hamu ya kujenga lugha kutoka msimbo chanzo: ruka. Uko 3.10, ambayo mwisho wake ni Oktoba 2026: toleo la marekebisho ni la kukuvusha wakati unaandaa kuruka.

Unaandika maktaba inayotumiwa na wengine: huna anasa ya kuchagua, jaribu kwenye mifululizo yote iliyo hai, toleo la karibuni la kila mmoja.

Na kama una Debian yenye skripti zake na programu yako juu yake, changanya. Python ya mfumo iachie mfumo, usiiguse wala usiibadilishe na nyingine, zana za mfumo zinaitegemea. Programu yako ipe Python yake pembeni, kwenye kontena au folda yake, na hiyo ndiyo uisasishe kwa mwendo wako.